Ukungu wa Mahindi na Saratani ya Ini

Ndugu msomaji, fungua gunia lako la mahindi. Chota kiganja kimoja, uyatazame juani. Je, unaona punje za kijani, nyeusi au za kijivu? Je, yananuka uvundo? Huo ni ukungu. Kuna ukungu unaotoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo haionekani kwa macho, wala haina harufu. Hupatikana zaidi katika mahindi na karanga. Hushambulia ini.

Mtu akila sumu hiyo nyingi, hutapika, tumbo humuuma, macho huwa ya manjano, na huweza kufa. Mwaka 2016 watu 68 waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kati yao, 20 walikufa.

Akila kidogo kidogo, haoni kitu. Anakula mwaka huu, anakula mwakani, na miaka mingine mingi. Mwishowe huweza kupata saratani ya ini. Hatari huzidi sana kwa mtu mwenye homa ya ini aina ya B.

Mwaka mmoja wa njaa, nilimwambia bibi yangu tutupe mahindi yenye ukungu. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, tukiyatupa tutakula nini? Moto utaua kila kitu."

Sikumlaumu. Njaa ni ya leo, saratani ni ya miaka ijayo. Lakini moto wa jikoni hauiondoi sumukuvu. Kuchemsha hakuiondoi. Kukaanga hakuiondoi. Kutengeneza pombe hakuiondoi. Hata ukimpa ng'ombe mahindi hayo, sumu huingia katika maziwa, nawe utayanywa.

Basi tulikaa mkekani tukachambua punje moja moja mpaka jioni. Mbaya tulizifukia. Zilizobaki tulizikoboa. Tulipoteza debe moja, lakini hatukupoteza gunia zima.

Tufanye nini?

1. Vuna mapema mahindi yakikomaa. Usiyaache shambani yanyeshewe.

2. Anika juu ya turubai au jamvi, si juu ya udongo.

3. Pima ukavu. Tia mahindi kidogo na chumvi kavu katika chupa kavu. Funga, tikisa, ngoja dakika 15. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado yana maji. Anika tena.

4. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Ziba paa linalovuja.

5. Chambua kabla ya kusaga. Ondoa punje zilizooza, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Kisha koboa, maana kukoboa hupunguza sumu.

6. Usinyunyizie karanga maji ili zimenyeke kwa urahisi. Maji hayo huleta ukungu. Karanga iliyosinyaa au chungu, itupe.

7. Usile mahindi tu kila siku. Badilisha kwa mtama, uwele, viazi au ndizi. Kula mboga za majani na matunda. Punguza pombe, maana nayo huharibu ini.

8. Wapeleke watoto zahanati wakapate chanjo wakiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14. Ndani yake mna kinga ya homa ya ini B.

Ukiona macho ya manjano, tumbo kujaa maji, kukonda, au maumivu chini ya mbavu za kulia, usingoje. Nenda zahanati mapema.

Wazee wangu, mimi ni mdogo kwenu kwa umri. Mlitufundisha kwamba akiba haiozi. Lakini akiba ya mahindi huoza isipokaushwa. Tuikaushe vizuri, maana kinga ni bora kuliko tiba.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini kupika hakutoshi?
2. Katika kijiji chenu, mahindi huanikwa wapi?
3. Nani atawaonyesha jirani zake kipimo cha chumvi?