Uwezo na Msokoto wa Injini za Dizeli: Dereva wa Pikapu Afahamu Nini?

Katika miaka ya karibuni waajiri wengi wamekuwa wakiondoa pikapu za zamani na kununua mpya. Magari hayo huja na karatasi za muuzaji zenye picha nzuri na tarakimu kubwa kubwa: kilowati 150, nyutoni-mita 500. Tarakimu hizo haziishii katika karatasi. Huingia ofisini, na kutoka ofisini humfikia dereva kwa sura ya amri: "Gari hili lina nguvu kuliko lile la zamani, kwa hiyo ongeza mzigo." Klachi ikiungua au rejeta ikichemka mlimani, dereva ndiye huitwa kujieleza, na mara nyingine mshahara wake hukatwa.

Kwa sababu hiyo tumeona yafaa tueleze maana ya tarakimu hizo, ili kila dereva na kila mwakilishi wa wafanyakazi aweze kuzisoma mwenyewe. Wengi wetu tuliishia shule ya msingi. Hilo si kizuizi, kwa maana hesabu zote zilizomo humu ni za kuzidisha na kugawanya.

MSOKOTO SI UWEZO

Karatasi ya gari hutaja vitu viwili ambavyo watu huvichanganya na kuviita "nguvu". Cha kwanza ni msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha. Cha pili ni uwezo, yaani kazi inayofanyika kwa muda fulani.

Chukua spana yenye urefu wa mita 1, ifunge kwenye nati ya gurudumu ikiwa imelala usawa, kisha ning'iniza mzigo wa kilo 51 mwishoni mwake. Nati hiyo sasa inasokotwa kwa nyutoni-mita 500. Ukining'iniza kilo 29, msokoto ni nyutoni-mita 285. Angalia kwamba hatukutaja wakati hata kidogo. Nati ikikataa kulegea, msokoto upo palepale, lakini hakuna kazi iliyofanyika.

Sasa fikiri juu ya wapagazi wawili wanaopakia magunia ya kilo 50. Kila mmoja aweza kuinua gunia moja. Lakini wa kwanza hupakia magunia 20 kwa saa, na wa pili hupakia 40. Katika kuinua wako sawa. Katika kazi ya saa nzima, wa pili ana uwezo maradufu. Kuinua gunia moja ni mfano wa msokoto. Idadi ya magunia kwa saa ni mfano wa uwezo. Uwezo wa injini hupimwa kwa kilowati, au kwa nguvu za farasi. Kilowati 1 ni sawa na nguvu za farasi 1.36.

Vitu hivi viwili vimefungwa pamoja na mizunguko ya injini. Zidisha msokoto kwa mizunguko ya injini kwa dakika, kisha gawanya kwa 9,549. Jibu ni kilowati. Anayeijua hesabu hii hawezi kudanganywa kwa urahisi na karatasi ya muuzaji.

INJINI NNE ZINAZOSHINDANA

Tumechagua injini nne za dizeli za pikapu ambazo madereva wetu wanazifahamu. Tarakimu hutofautiana kidogo nchi kwa nchi, kwa hiyo karatasi ya gari lako lenyewe ndiyo ya kuaminiwa.

Toyota Land Cruiser, lita 4.2, silinda 6, bila turbo. Injini hii, iitwayo 1HZ, ilianza kutolewa 1990. Uwezo: kilowati 96 kwa mizunguko 3,800. Msokoto: nyutoni-mita 285 kwa mizunguko 2,200.

Toyota Hilux, lita 2.8, yenye turbo, toleo la 2020, gia za kujiendesha zenyewe. Uwezo: kilowati 150 kwa mizunguko 3,400. Msokoto: nyutoni-mita 500 kuanzia mizunguko 1,600 hadi 2,800.

Isuzu D-Max, lita 3.0, yenye turbo, toleo la 2019. Uwezo: kilowati 140 kwa mizunguko 3,600. Msokoto: nyutoni-mita 450 kuanzia mizunguko 1,600 hadi 2,600.

Ford Ranger, lita 2.0, yenye turbo mbili, toleo la 2018. Uwezo: kilowati 157 kwa mizunguko 3,750. Msokoto: nyutoni-mita 500 kuanzia mizunguko 1,750 hadi 2,000.

Mtu akisoma haraka atasema Hilux na Ranger ni sawa, kwa kuwa zote zina 500. Lakini wahenga walisema nguvu ya mamba ni maji, na maji ya injini ni mizunguko yake. Hilux huishika 500 katika eneo la mizunguko 1,200, na Ranger katika eneo la mizunguko 250 tu. Ndiyo maana Ranger hiyo ilipewa gia 10 zinazojibadilisha zenyewe, ili injini isitoke katika eneo lake zuri. Kwa upande mwingine, Ranger haifi ikivuka eneo hilo. Kwa mizunguko 3,750 bado ina nyutoni-mita 400, na hapo ndipo hupata kilowati zake 157. Kwa hiyo tarakimu moja kubwa haitoshi. Uliza daima: "Kwa mizunguko mingapi, na kwa giaboksi ipi?"

Swali hilo la giaboksi lina maana kubwa hata kwa gari la aina moja. Hilux ile ile ya lita 2.8 yenye gia za mkono hupewa nyutoni-mita 420, si 500, ingawa kilowati zake ni zile zile 150. Tangazo huandika 500 kwa herufi kubwa. Mwajiri hununua gari la gia za mkono kwa kuwa bei yake ni nafuu, kisha humdai dereva kazi ya 500. Mwakilishi anayejua kusoma karatasi atauliza mara moja ni gari lipi lililonunuliwa.

KAZI YA GIA

Msokoto unaoandikwa katika karatasi ni wa injini, si wa gurudumu. Gia huuzidisha. Tuseme gari dogo limo katika gia inayogeuza mizunguko 4 ya injini kuwa 1. Msokoto wa 285 hutoka ukiwa 1,140. Tuseme gari kubwa limo katika gia ya 2 kwa 1. Msokoto wa 500 hutoka ukiwa 1,000. Hapo injini "dhaifu" inasokota zaidi kuliko injini "kali".

Lakini gia haitoi kitu bure. Inapozidisha msokoto, hupunguza mizunguko kwa kiasi kile kile. Uwezo haubadiliki, ila hupungua kidogo kwa msuguano. Basi sheria ni hii: kwa gia inayofaa, karibu injini yoyote itaupandisha mzigo, uwezo ndio unaoamua utapanda kwa mwendo gani.

MLIMANI

Tuchukue pikapu ambayo pamoja na mzigo wake ina kilo 3,000. Inapanda mlima unaoinuka mita 1 kwa kila mita 10 za barabara. Kwa mwendo wa kilomita 36 kwa saa, kuinua uzito huo peke yake kunataka kilowati 29 hivi. Kwa kilomita 72 kwa saa, kunataka kilowati 59. Hapo hatujahesabu upepo, matairi wala kinachopotea katika giaboksi.

Injini ya Land Cruiser kwa mizunguko 2,200 hutoa kilowati 66. Yaonekana inatosha. Lakini injini isiyo na turbo huvuta hewa kama ilivyo, na hewa ya milimani ni nyepesi. Hupoteza takriban sehemu 1 ya 10 ya uwezo wake kwa kila mita 1,000 za kupanda juu kutoka usawa wa bahari. Barabara ya Kabale hadi Kisoro hupita sehemu zilizo juu zaidi ya mita 2,000. Hapo zile kilowati 66 hubaki kama 53. Dereva hana budi kushusha gia na kupandisha mizunguko, au kupunguza mwendo. Si uvivu, ni hewa.

Hilux yetu ya gia za kujiendesha zenyewe, kwa mizunguko ile ile 2,200, hutoa kilowati 115, na turbo hushindilia hewa ndani ya injini, kwa hiyo upungufu wa milimani huwa mdogo. Basi mwajiri anayepima madereva wawili kwa saa ya kufika, mmoja akiwa na Land Cruiser ya zamani na mwenzake Hilux mpya, hajapima madereva. Amepima injini.

Turbo nayo ina tabia yake. Chini ya mizunguko 1,500 hivi huwa haijaamka vizuri, na injini ya lita 2 au 3 hapo haina nguvu ya kutosha. Injini ya lita 4.2 huvuta polepole tangu chini, na dereva aliyeizoea huachia klachi mapema. Akifanya hivyo katika gari jipya la gia za mkono, akiwa na mzigo mlimani, gari huzima. Jaribio la pili hulifanya kwa kuisugua klachi, na baada ya miezi michache klachi imekwisha. Ni kosa la nani, ikiwa alikabidhiwa ufunguo asubuhi na kuambiwa aondoke, bila kufundishwa hata kwa saa moja?

MZIGO HAUPIMWI KWA INJINI

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote tuliyoyasema. Kiasi cha mzigo ambacho gari laruhusiwa kubeba hakitokani na msokoto wala uwezo wa injini. Hutokana na fremu, springi, ekseli, matairi na breki. Kiasi hicho cha mwisho kimeandikwa na mtengenezaji katika kibao cha gari na katika kitabu chake. Injini ikiongezwa nguvu na vitu hivyo vikabaki vilevile, mzigo unabaki uleule.

Tena, mlima uliopandwa kwa injini utateremkwa kwa breki. Injini ya nyutoni-mita 500 yaweza kupandisha nusu tani ya ziada bila kulalamika, na dereva asihisi kitu. Hatari iko upande wa pili wa mlima, breki zinapopata moto. Aghalabu injini ndogo, hata yenye turbo, huzuia gari kidogo katika mteremko kuliko injini kubwa ya zamani ikiwa gia zinalingana. Kwa hiyo gari jipya laweza kupanda vizuri zaidi na kuteremka vibaya zaidi, na anayekuwa ndani ya gari ni dereva na utingo wake, si karani aliyeandika hati ya mzigo.

Katika kampuni moja ya usambazaji, mzigo wa kila pikapu uliongezwa kutoka tani 1 hadi tani 1 na nusu mara magari mapya yalipofika. Sababu iliyotolewa ilikuwa nguvu ya injini. Mwakilishi wetu hakugombana na mtu. Alimwomba meneja watoke pamoja hadi uwanjani, wakasome kibao cha gari. Wakatoa uzito wa gari tupu, wakatoa uzito wa dereva na utingo, na kilichobaki hakikufika hata tani 1 kamili. Amri ile iliondolewa wiki ileile.

TUDAI NINI

Tunawashauri wawakilishi katika kila kituo cha kazi wayapeleke mambo haya katika mazungumzo yao na waajiri:

1. Uzito wa mwisho ulioandikwa katika kibao cha gari unakiliwe katika kila hati ya safari, ili karani na dereva wauone kabla ya kupakia.

2. Magari mapya yanaponunuliwa, mwakilishi wa madereva apewe nafasi ya kuona karatasi kamili: uwezo, msokoto, mizunguko, aina ya giaboksi na mzigo unaoruhusiwa.

3. Dereva anayehamishwa kutoka injini isiyo na turbo kwenda yenye turbo afundishwe, na muda wa mafunzo ulipwe kama muda wa kazi.

4. Saa za safari na matumizi ya dizeli yalinganishwe kwa magari ya aina moja, njia moja na mzigo ulio sawa.

5. Klachi au injini ikiharibika, ifunguliwe na fundi mbele ya mwakilishi kabla ya mtu yeyote kulaumiwa au kukatwa mshahara. Hati za mizigo ya miezi iliyotangulia ziletwe mezani pia.

Ndugu wanachama, nakilini hesabu ile fupi katika daftari: msokoto mara mizunguko, gawanya kwa 9,549. Kisha nendeni mkasome vibao vya magari yenu, mwandike uzito unaoruhusiwa pembeni yake. Dereva mwenye tarakimu hizo mbili mfukoni anaweza kumjibu mwajiri kwa heshima na kwa uhakika, siku atakapoambiwa aongeze mzigo kwa sababu gari ni jipya.