Kuhesabu Vipanga Hawk Mountain

Kila mwaka majira ya joto yanapokwisha, vipanga na tai wa mashariki mwa Amerika Kaskazini huelekea kusini wakifuata milima ya Kittatinny, jimboni Pennsylvania. Upepo wa kaskazini-magharibi hugonga ubavu wa milima ukapanda juu, nao ndege huutumia kuelea masafa marefu bila kupiga mabawa. Ndiyo maana wengi hupita karibu kabisa na kilele cha Hawk Mountain, na ndiyo maana zamani wawindaji walijipanga papo hapo wakiwaangusha kwa risasi.

Mwaka 1934 mhifadhi Rosalie Edge alikodi mlima huo akamweka Maurice Broun kuulinda. Broun aliwafukuza wawindaji, kisha akaanza kuandika kila ndege aliyepita. Isipokuwa miaka ya vita, 1943 hadi 1945, hesabu hiyo haijakatika.

Mhesabuji hukaa juu ya majabali, darubini shingoni, na kila saa huandika aina za ndege, idadi yao, upepo na mawingu. Asubuhi na mapema anga huweza kuwa tupu. Jua likishapasha miteremko, hewa yenye joto hupanda, na katikati ya Septemba vipanga wenye mabawa mapana huzunguka ndani yake kwa mamia, kama majivu juu ya moto. Kuwahesabu wakiwa katika mzunguko ni kujidanganya. Mzoefu husubiri wafike juu, watoke wakiteleza kwa mfuatano, ndipo huwahesabu. Tai wa dhahabu huja baadaye, Novemba, kwenye baridi kali.

Hii si sensa, maana wengi hupita juu mno au kwenye bonde jingine. Faida yake ni kuhesabu mahali pale pale, kwa namna ile ile, miaka nenda rudi. Hata siku isiyo na ndege huandikwa.

Daftari hizo zilimfaa mwandishi Rachel Carson katika *Silent Spring*, kitabu chake kuhusu sumu za wadudu kilichotoka mwaka 1962. Kati ya 1935 na 1939, asilimia 40 ya tai wenye kichwa cheupe walioonekana walikuwa wachanga, ambao hutambulika kwa vichwa vyao vya kahawia. Kati ya 1955 na 1959 walibaki asilimia 20. Mwaka 1957 alionekana mchanga mmoja kwa kila wakubwa 32. Wakubwa walikuwa bado wakipita, kwa hiyo mtazamaji wa kawaida asingeshtuka, lakini vizazi vipya vilikuwa vikipungua. Sumu ya wadudu ya DDT, iliyodhoofisha maganda ya mayai, ilipigwa marufuku Marekani mwaka 1972, na tai hao wakaanza kuongezeka tena katika hesabu za mlimani.