Nyota za Mwisho wa Kiangazi
Enyi wazazi, mwishoni mwa Agosti, kabla mvua hazijarudi Katanga, tokeni nje pamoja na watoto ifikapo saa moja na nusu ya usiku. Juu, karibu na utosi, amelala Nge, mkia wake umepindwa wazi kabisa. Nyota nyekundu kifuani mwake ni Antares. Mwanga wake husafiri miaka 500 na zaidi hata kutufikia. Msalaba wa Kusini umekwisha kuinama kusini-magharibi, na mara nyingi moshi wa mioto ya porini huuficha. Kilimia huchomoza karibu na saa sita za usiku. Mkulima asiharakishe: mbegu iliyotupwa katika udongo mkavu huliwa na ndege. Katikati ya Novemba Kilimia huonekana mashariki giza liingiapo, na kwa kawaida mvua zimekwisha kushika.