Karani wa Kikoa

Barua ipelekwayo Mabwerebwere huandikwa anwani kuanzia kidogo hata kikubwa: jina la mtu, kisha kijiji chake, kata, wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro, na mwisho Tanzania, bali karani wa posta ya ng'ambo huisoma kinyumenyume, nchi kwanza na mtu mwisho. Ndivyo kompyuta zisomavyo majina ya vikoa. Katika kilosadc.go.tz, jina la halmashauri ya wilaya hiyo mtandaoni, hutafutwa kwanza tz, iliyotiwa katika sijili kuu ya intaneti mwaka 1995, kisha go ya serikali, na Kilosa hufuata baadaye, ijapokuwa ndiyo jicho la binadamu lilianzalo. Utaratibu huu aliubuni Paul Mockapetris mwaka 1983, maadamu hapo kabla majina yote yalikuwa katika faili moja lililotunzwa California, nalo lilikuwa limekwisha elemewa.

Lakini jina la mahali halimjui mtu. Ofisi yenye kompyuta thelathini huhitaji karani mwingine, naye ndiye niliyekusudia kumweleza: seva ya saraka. Huyu hushika daftari la kila mtumishi, nywila yake, kundi lake na printa aliyoruhusiwa. Na mhasibu aketipo asubuhi akaandika jina lake, kompyuta iliyo mbele yake haina hukumu yoyote, bali humwendea karani kuuliza, mfano wa mgeni asiyelazwa kijijini mpaka mjumbe wa nyumba kumi aarifiwe. Lugha ya kuulizia, LDAP, ilizaliwa Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1993 ili kuwapunguzia watu uzito wa kanuni za saraka ziitwazo X.500, na Microsoft ikaieneza maofisini kwa Active Directory, iliyotoka na Windows 2000.

Basi anayeazimia kujenga kikoa kipya, yaani jamii ya kompyuta zinazomtii karani huyu, asianze kwa kufungua makasha ya mashine, bali kwa kalamu na karatasi, kwani kulibadili jina la kikoa baadaye ni taabu kama kulibadili jina la kijiji baada ya hati zote za ardhi kupigwa mihuri. Aghalabu ni salama kuchukua tawi la jina ulimilikilo tayari. Waliojibunia majina yanayoishia na local walijuta, kwa kuwa neno hilo lilitengwa rasmi mwaka 2013 kwa matumizi mengine. Na seva zisipungue mbili, kila moja ikinakili daftari la mwenziwe, wala zisikae chumba kimoja. Kilosa, mji ulioingiliwa na maji ya Mkondoa mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, hauna haja ya kuelezwa kwa nini daftari la pili lihifadhiwe mahali palipoinuka.

Limebaki la saa, ambalo wengi hulipuuza. Mlinzi wa mlango wa kikoa, aliyetoka chuo cha MIT, huitwa Kerberos, kwa jina la mbwa wa vichwa vitatu ambaye Wayunani wa kale walisema analinda lango la kuzimu. Naye kwa kawaida hamkubali mtu ambaye saa yake imepishana na ya seva kwa zaidi ya dakika 5. Mtu akiitengeneza kompyuta yake kwa saa zetu za Kiswahili, akaandika mbili asubuhi pale mashine itakapo nane, atakuwa nyuma kwa saa sita nzima, na mbwa yule hatamfungulia hata akiitaja nywila yake sahihi mara mia.