Ukitoka nchi yenye vikwazo: mama mbele ya wakubwa wa mpaka



Neno hili «embargo» tunalisikia redioni kila mara, na wengi wetu tunaliacha lipite kama jina la mji wa mbali. Mama mmoja wa likelemba yetu ameniuliza swali ambalo sikutaka kulijibu pembeni: mtu akienda kufanya biashara au kuona ndugu zake katika nchi iliyowekewa embargo, akirudi anakamatwa? Nilimwomba anipe wiki moja. Nimeuliza wakubwa, nimesoma kidogo, na jibu limekuwa refu kwa sababu nusu yake ni historia ya njia zetu wenyewe.

Embargo, au vikwazo kama wanavyosema ndugu zetu wa Tanzania, ni amri ya nchi moja au ya nchi nyingi pamoja: msiuze kitu fulani kwa nchi fulani, wala msinunue kwake. Kinachofungwa ni bidhaa, au silaha, au pesa. Kufunga mpaka ni jambo lingine. Tarehe 11 Januari 2024, Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda. Hapo hata mtu mwenye mikono mitupu hapiti. Lakini tangu mwaka 2003 Umoja wa Mataifa umeweka vikwazo vya silaha kwa ajili ya vita vya mashariki ya Kongo, na sijasikia mama yeyote aliyezuiliwa na mchele wake kwa sababu hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza, kabla ya kufunga mzigo, ni hili: kimefungwa nini hasa? Mtu anayesema tu «kule kuna embargo» bado hajakuambia kitu.

Sasa historia yenyewe. Tarehe 25 Julai 1996 jeshi la Burundi lilimwondoa Rais Sylvestre Ntibantunganya na kumrudisha Meja Pierre Buyoya madarakani. Siku sita baadaye, tarehe 31 Julai, viongozi wa nchi za jirani walikutana Arusha pamoja na Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa mpatanishi, wakakata shauri kuifungia Burundi biashara. Walikuwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Ethiopia, na Zaire, yaani sisi. Lengo lao lilikuwa kumlazimisha Buyoya arudishe bunge na vyama, kisha azungumze na wapinzani wake. Bujumbura petroli ikapanda bei vibaya, na kahawa ya Burundi, ambayo ndiyo pesa yake, ikakosa njia ya wazi ya kutokea.

Mama wa Kasongo au Kabambare alihusika vipi? Mtazame kwenye ramani. Ukitoka kwetu Nyangwe unapanda Kasongo, Kabambare, Fizi, Baraka, unafika Uvira. Na kutoka Uvira hadi Bujumbura ni mwendo mfupi, haufiki hata siku moja. Njia ya namna hii si mpya kwa wanawake wa hapa. Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871 alikuta soko lililojaa wanawake waliovuka Lualaba kwa mitumbwi, na tarehe 15 Julai mwaka ule aliona kwa macho yake watu wenye bunduki wakiwafyatulia risasi humo sokoni. Nalitaja hili kwa kupita tu, ili mtu asifikiri kwamba mwanamke mwenye kikapu mbele ya mwanaume mwenye bunduki ni habari ya juzi.

Basi mwaka 1996 wamama walioshuka Uvira walikuwa wamezoea Bujumbura kama soko la nyumbani: vitenge, sabuni, kaye za watoto, dawa. Ghafla wakaambiwa kuna amri. Wale walioniambia habari za miaka ile wanakubaliana juu ya jambo moja: hakuna aliyewasomea amri hiyo. Kwenye mpaka mmoja neno embargo lilitumika kama kikapu cha kukusanyia pesa. Ulitoa kitu, ukapita. Hukutoa, ulikuwa umevunja sheria za nchi sita. Wengine waliovuka ziwa kwenda Kigoma walikuta ukali wa namna nyingine, maana Tanzania ilichukua amri ile kwa uzito. Mifuko ilifunguliwa mmoja mmoja, na mama mwenye muhuri wa Bujumbura kwenye karatasi zake aliulizwa maswali mengi kuliko mwenzake.

Kinachoniuma ni kwamba amri yenyewe ilikuwa na milango. Dawa na chakula cha watoto wachanga viliachiwa mapema. Kisha tarehe 16 Aprili 1997 viongozi walewale walikutana tena Arusha wakalegeza kamba: vyakula, vifaa vya shule, vifaa vya ujenzi, dawa, na vitu vya kilimo vikatolewa katika katazo. Fikirini, wamama. Tangu siku ile, bunda la kaye za shule halikuwa kosa tena. Lakini mwanamke aliyekuwa amezificha chini ya mchele, kwa kuogopa amri ya mwaka uliopita, alikuwa anatenda kosa la kuficha kitu ambacho hakikukatazwa. Akikamatwa, hakamatwi kwa sababu ya embargo. Anakamatwa kwa magendo. Na aliyemtisha hana haraka ya kumweleza tofauti hiyo.

Wakati huo vita navyo vilikuwa vimeingia. Uvira ilianguka mwezi Oktoba 1996, watu wa Fizi na Uvira wakavuka ziwa kwa maelfu, na kambi ya Nyarugusu katika mkoa wa Kigoma ikafunguliwa kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo. Kwa hiyo mbele ya afisa mmoja walisimama pamoja mfanyabiashara, mkimbizi, na mama anayemtafuta mtoto aliyepotea njiani. Afisa alikuwa na maswali yaleyale kwa wote watatu. Vikwazo vilisimamishwa tarehe 23 Januari 1999, Arusha palepale, lakini vita vya pili vilikuwa vimeshaanza kwetu tangu Agosti 1998, na mama wa Kasongo hakupata faida kubwa ya mlango uliofunguliwa.

Turudi kwenye swali: unakamatwa? Kwa kawaida mtu hakamatwi kwa kutembea tu. Anapata shida kwa alichobeba, kwa alichoficha, kwa karatasi asiyokuwa nayo, au kwa jibu linalobadilika. Afisa wa mpaka anatafuta mambo machache: wewe ni nani, umetoka wapi, ulifuata nini, umerudi na nini. Ukimwambia mmoja kwamba ulikuwa kwa dada yako Uvira, halafu lese-pase yako ikamwonyesha muhuri wa ng'ambo, maneno yako yote yaliyobaki hayana thamani tena, hata yale ya kweli. Jibu fupi na la kweli linatosha: «Nimetoka Bujumbura, nilikaa siku nne, hivi ni vitenge sita na sabuni.» Usianze kuhubiri, usianze kuomba msamaha kabla hujashtakiwa. Nawaona watoto darasani: anayeeleza sana kabla ya kuulizwa ndiye ninayemtazama mfukoni.

Kuna wanaofikiri dawa ya muhuri mbaya ni kuchana ukurasa. La hasha! Paspoti iliyochanwa au kubanduliwa ukurasa ni karatasi iliyoharibika, na sasa umempa afisa sababu ya kweli ya kukushika. Wenye watoto Ulaya nao wajue kwamba muhuri unasema kwa muda mrefu. Marekani imeiwekea Kuba vikwazo tangu mwaka 1962, na sheria yao inagusa hasa pesa unazotumia kule na vitu unavyorudi navyo. Hata mtoto wako mwenye paspoti ya Ubelgiji, kama amekwenda Kuba tangu tarehe 12 Januari 2021, hawezi tena kuingia Marekani kwa ile ruhusa ya haraka ya kwenye intaneti. Anatakiwa kuomba viza kamili. Hakuna aliyemfunga, lakini swali limemfuata hadi nyumbani kwake. Akiulizwa kwenye fomu, aandike ndiyo.

Kwetu hapa shida kubwa ni nyingine: meza ni nyingi mno. Mama anavuka na kapu moja, anakuta watu kumi, kila mmoja na kitabu chake. Basi andikeni hili mahali. Amri namba 036/2002 ya tarehe 28 Machi 2002 inataja idara nne tu zenye ruhusa ya kufanya kazi mpakani mwa nchi yetu: duane (zamani OFIDA, sasa DGDA), OCC inayopima ubora wa bidhaa, DGM ya wahamiaji, na idara ya usafi na afya ya mipakani. Polisi wa mipaka wapo kwa ajili ya ulinzi. Anayekuja nje ya hao na kuomba malipo, muulize kwa heshima anatoka idara gani, na kitansi yake iko wapi. Najua mtasema, mwalimu, wewe uko darasani na chaki, njoo umwulize hivyo yule kijana mwenye silaha saa kumi na mbili jioni mvua ikinyesha. Ni kweli. Ndiyo maana nasema mtembee wawili au watatu, mfike mpakani mchana, na aulize yule mwenye umri mkubwa zaidi. Mama mzee akisema «mwanangu, nionyeshe karatasi ya malipo,» sauti hiyo ina uzito ambao mimi sina.

Kitansi yenyewe iwe na muhuri, kiasi cha pesa, na tarehe. Kipande cha daftari chenye saini peke yake ni matabishi yaliyovaa nguo za serikali. Na wakikamata mzigo wako kwa sababu ya vikwazo, usiondoke bila PV, yaani maandishi ya nini kimechukuliwa, kiasi gani, na nani, kwa amri ipi. Bila PV huna pa kuanzia hata ukimpata wakili mzuri. Mzigo wako haukukamatwa, umepotea tu. Usitie saini usichokielewa. Kama kimeandikwa Kifaransa na hukijui, omba usomewe kwa Kiswahili mbele ya mwenzako.

Juu ya kupekuliwa mwili: omba mwanamke ndiye akupekue, na mahali pa faragha. Omba kwa sauti, wenzako wasikie.

Halafu mizigo ya watu. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Wakati wa vikwazo bei zinaruka, na mwenye kutaka faida kubwa hajibebeshi mwenyewe. Anamtafuta mama mwenye uso wa upole amshikie kifurushi, akidai ni zawadi ya harusi. Mbele ya afisa, kifurushi kilichomo kapuni mwako ni chako. Kusema «nimepewa» hakuna msaada, hasa kama jina la aliyekupa hulijui lote na simu yake imezimwa. Funga mzigo wako mwenyewe, ujue kila kilichomo, uandike orodha kwenye kipande cha kaye pamoja na bei. Orodha hiyo ni msaada mkubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu afisa akiona orodha anahesabu. Asipoiona anakisia, na makisio yake hayajawahi kuwa madogo.

Kwa wanaosafiri na watoto, beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na kama baba hayuko safarini, karatasi yake ya kukubali. Mama amebeba mtoto mgongoni, lakini kwa afisa ambaye hamjui, bila karatasi yule ni mtoto wa mtu asiyejulikana. Dawa za mtoto ziwe na karatasi ya kituo cha afya, hata kama ni chupa moja ya siropu.

Jambo la mwisho ni ombi. Kama kuna mama au bibi aliyebaki na lese-pase ya miaka ya 1996 hadi 1999, au kitansi yoyote ya duane ya wakati ule, hata kama imeliwa na panya, naomba ailete Jumamosi baada ya soko. Sitaichukua, nataka tuiweke mezani, tusome ile mihuri pamoja na wasichana wanaoanza biashara mwaka huu. Na anayejua jina la yule karani wa mpakani aliyekuwa akiandika risiti bila kuombwa kitu, aniambie pia, maana wamama watatu wamenitajia habari zake na hakuna hata mmoja aliyekumbuka jina.