Kompyuta ya Raspberry Pi katika kituo chako: kila tundu lina kazi gani, na ni kosa gani linaweza kuiunguza?

Je, unasimamia chumba cha kompyuta katika kituo cha vijana au shule iliyo ndani ya makazi ya wakimbizi? Au wewe ni kijana unayejifunza ufundi wa kompyuta? Basi makala hii inakuhusu.

Raspberry Pi ni kompyuta nzima iliyojengwa juu ya bodi moja yenye ukubwa unaokaribia kadi ya benki. Ikiwekewa programu za bure kama Kolibri au Kiwix, huhifadhi masomo, vitabu na makala za Wikipedia, kisha huvifikisha kwenye simu na tableti zilizo karibu kwa njia ya waifai. Wanafunzi husoma bila intaneti na bila kununua bando.

Kwa hiyo bodi moja inaweza kutegemewa na darasa zima. Waya mmoja ukichomekwa pasipofaa, bodi inaweza kuungua mara moja, na kupata nyingine kunaweza kuchukua muda mrefu. Hapa tunaeleza matundu ya Raspberry Pi 4 Model B, toleo lililotoka mwaka 2019.

Umeme: anza hapa

Tundu la umeme ni la USB aina ya C, sawa na lile la simu nyingi za kisasa. Bodi inahitaji volti 5 na chaja inayoweza kutoa ampea 3. Soma maandishi madogo kwenye chaja kabla ya kuitumia. Chaja nyingi za simu hutoa ampea 1 au 2 tu. Bodi inaweza kuwaka kwa chaja hiyo, lakini ikianza kazi nzito umeme hupungua. Dalili zake ni alama ya radi kwenye skrini, taa nyekundu inayozimika na kuwaka tena, au kompyuta kujiwasha upya yenyewe.

Kama kituo chako kinatumia sola, kuwa mwangalifu zaidi. Betri ya sola ya volti 12 inaweza kupita volti 14 inapochajiwa. Usiiunganishe moja kwa moja na bodi kwa hali yoyote. Tumia kifaa cha kushusha umeme kutoka volti 12 hadi volti 5, chenye uwezo wa ampea 3 au zaidi. Kipime kwa multimita kabla ya kukiunganisha na bodi. Kama hujui kupima, mwombe fundi wa sola au wa redio akusaidie.

Kadi ya memori na namna ya kuzima

Upande wa chini wa bodi kuna nafasi ya kadi ndogo ya memori, kama ile ya simu. Mfumo wa kompyuta umo humo, na mara nyingi masomo pia.

Bodi hii haina swichi ya kuzimia. Ndiyo maana wengi huchomoa tu waya wa umeme. Usifanye hivyo. Ukikata umeme wakati kadi inaandikwa, mafaili yanaweza kuharibika na kompyuta ikashindwa kuwaka siku inayofuata. Zima kwanza kupitia programu, subiri taa ya kijani iache kumwekamweka, ndipo uchomoe. Kadi yenyewe usiitoe bodi ikiwa inafanya kazi.

Matundu ya USB

Yapo manne. Mawili yenye rangi ya buluu ndani ni USB 3.0, ambayo ni ya kasi zaidi. Yatumie kwa flashi au hadi diski ya nje. Mawili meusi ni USB 2.0, yanatosha kwa kibodi na kipanya.

Matundu yote manne kwa pamoja hutoa ampea 1.2 tu. Kwa hiyo usiruhusu watu wachaji simu zao hapo, hata kama ni kwa dakika chache. Simu mbili zinaweza kumaliza umeme wote na kuwakatizia masomo wanaosoma. Hadi diski kubwa nayo ni bora iwe na umeme wake.

Skrini, sauti na mtandao

Karibu na tundu la umeme kuna matundu mawili ya HDMI ndogo. Yanahitaji waya maalumu, au kiunganishi cha kugeuza HDMI ndogo kuwa ya kawaida. Ukiwa na skrini moja, tumia tundu lililo karibu zaidi na umeme. Matundu haya ni madogo na ni rahisi kuvunjika, hivyo chomeka taratibu, bila kupinda, na usiache waya mzito uning'inie.

Tundu la duara ni la kutoa sauti. Chomeka hapo spika au visikilizio. Kipaza sauti hakitafanya kazi kwenye tundu hilo, tafuta cha USB.

Tundu kubwa la mraba, upande mmoja na yale ya USB, ni la waya wa mtandao. Linafaa kuunganisha bodi na ruta.

Kuna pia sehemu mbili za kuingiza kanda nyembamba bapa, moja ya kamera na nyingine ya skrini. Zinafanana sana, hivyo soma jina lililoandikwa kwenye bodi, na uunganishe tu wakati umeme umekatwa.

Pini 40: hapa ndipo pa hatari

Pembeni mwa bodi kuna safu mbili za pini, jumla 40. Vijana wanaojifunza elektroniki huzitumia kuwasha taa, kupima joto au kuendesha mota ndogo.

Pini namba 2 na 4 hutoa volti 5. Namba 1 na 17 hutoa volti 3.3. Pini nane ni za hasi. Zilizobaki karibu zote ni za kupokea na kutuma ishara, nazo huvumilia volti 3.3 tu. Ukipeleka volti 5 kwenye pini ya ishara, unaweza kuua bodi.

Pini 1 na 2 zinatazamana. Bisibisi au waya ukizigusa zote mbili kwa pamoja, volti 5 huingia kwenye njia ya volti 3.3. Mfano mwingine ni kifaa cha kupimia umbali cha HC-SR04, ambacho hurudisha ishara ya volti 5. Kinahitaji rezista mbili za kupunguza ishara hiyo kabla haijafika kwenye bodi.

Je, bodi yako ni toleo jingine?

Raspberry Pi 3 hutumia tundu la zamani la micro USB kwa umeme, na HDMI ya ukubwa wa kawaida. Raspberry Pi 5 ina kitufe cha kuwasha na kuzima, haina tundu la sauti, na chaja yake inayopendekezwa ni ya ampea 5. Soma jina la toleo lililoandikwa kwenye bodi kabla ya kununua waya au chaja.

Kumbuka

• Kata umeme kabla ya kugusa pini au kanda bapa.
• Hesabu namba ya pini mara mbili, na mwombe mwenzako aikague.
• Weka bodi ndani ya kasha. Usiiweke juu ya meza ya chuma wala karibu na maji.
• Tengeneza nakala ya kadi ya memori na uihifadhi mahali pakavu. Kadi ikiharibika, kituo kinaweza kuendelea siku hiyohiyo.
• Chagueni mtu mmoja au wawili wa kuwasha na kuzima, na wawafundishe wengine kabla hawajaondoka kituoni.