Nani Mwenye Neno Juu ya Orodha za Ituri?

Tarehe 13 Juni 2008, majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) huko The Hague walisimamisha kesi ya Thomas Lubanga hata kabla haijaanza kusikilizwa. Lubanga alikuwa mkuu wa UPC, kundi lenye silaha lililoishika Bunia, mji mkuu wa Ituri mashariki mwa Kongo, mwaka 2002 na 2003, naye alishtakiwa kwa kuwaingiza vitani watoto wa chini ya miaka 15. Kilichoikwamisha kesi ni makaratasi. Mwendesha mashtaka alikuwa na nyaraka zaidi ya 200 zenye uzito kwa upande wa utetezi, nyingi kutoka Umoja wa Mataifa, na alizipokea kwa sharti kwamba zibaki siri. Hakuweza kumwonyesha mshtakiwa, wala majaji hawakuweza kuzisoma zote, maana waliozitoa hawakuruhusu. Majaji wakaona kwamba kesi ya haki haiwezekani kwa namna hiyo. Mazungumzo yakaendelea kwa miezi hadi ruhusa ikapatikana. Zuio liliondolewa Novemba, na kesi ikaanza tarehe 26 Januari 2009.

Kila shirika linaloandikisha watu Bunia leo lina la kujifunza hapo. Mjadala wa mamlaka juu ya data huanza karibu kila mara na swali la seva: iko nchi gani? Nyaraka za Lubanga zilikuwa tayari The Hague, mikononi mwa mwendesha mashtaka, na bado hakuwa na uwezo wa kuzitumia. Neno la mwisho lilibaki kwa aliyezitoa, kwa sababu ya sharti lililowekwa siku zilipokabidhiwa. Na idhini iliyotafutwa miezi yote hiyo ilikuwa idhini ya taasisi. Watu wa Ituri ambao maisha yao yalikuwa ndani ya nyaraka hizo hawakuwa na kiti kwenye mazungumzo.

Tufuate basi safari ya jina moja. Mama amekimbia Djugu, teritwari ya Ituri, amefika kambi ya wakimbizi wa ndani pembezoni mwa Bunia. Karani mwenye simu anaandika jina lake, umri, idadi ya watoto, alikotoka. Karani ameajiriwa na ONG (shirika lisilo la kiserikali) ya mahali. ONG hiyo ina mkataba na shirika la Umoja wa Mataifa, na fedha zinatoka kwa mfadhili wa Ulaya. Fomu huenda imetengenezwa kwa KoboToolbox, programu inayotumika sana katika kazi hizi, ambayo humpa anayefungua akaunti uchaguzi kati ya seva iliyoko Marekani na iliyoko Umoja wa Ulaya. Uchaguzi huo humalizika kwa kubofya mara moja, na mama wa Djugu hana habari nao.

Sasa jina lile liko chini ya sheria ngapi? Kongo ina Kanuni ya Dijitali, iliyowekwa kwa amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ambayo inalinda taarifa za watu binafsi na kuweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. ONG ya mahali inabanwa nayo moja kwa moja. Shirika la Umoja wa Mataifa lina kinga ya Mkataba wa 1946, unaosema kumbukumbu zake haziguswi popote zilipo, hivyo linafuata kanuni zake lenyewe. Mshirika aliyeko Ulaya anatazama sheria ya data ya huko, inayotumika tangu Mei 2018. Kampuni ya Marekani inayohifadhi data inaweza kulazimishwa na mahakama za kwao kuitoa hata ikiwa seva iko nchi nyingine, kwa sheria ya mwaka huohuo wa 2018. Na mama huyo akivuka Ziwa Albert mpaka kambi ya Kyangwali, kama walivyofanya maelfu ya watu wa Djugu mwanzoni mwa 2018, ataandikishwa upya Uganda, yenye sheria yake ya 2019. Orodha ni ileile, lakini anayejibu kwa ajili yake hubadilika kila inapopita mlango mwingine.

Wapo wanaosema dawa ni kurudisha kila kitu nyumbani. Naielewa hamu hiyo, na naona ni haki taifa liwe na neno juu ya taarifa za raia wake. Lakini Ituri iko chini ya hali ya kuzingirwa tangu Mei 2021, inaongozwa na gavana mwanajeshi, na jeshi la serikali ni upande mmoja wa vita. Ukaribu wa seva peke yake haumlindi mama yule. Umbali nao haulindi. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia katika seva zilizokuwa Uswisi na kufikia taarifa za watu zaidi ya 515,000, wengi wao wakiwa waliopotezana na ndugu zao au walio kizuizini. Taarifa hizo zilikusanywa na vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu visivyopungua 60. Kamati ilisema hadharani, jambo la kuheshimiwa, lakini waliotakiwa kwenda kuwaeleza wenye majina walikuwa wafanyakazi wa mashinani.

Kwa maoni yangu mamlaka huanzia kwenye fomu. Mashirika mengi yanajua kwamba kuandika kabila Ituri ni hatari, kwa hiyo safu ya kabila inafutwa. Halafu inabaki safu ya alikotoka mtu. Sasa soma majina ya sekta na maeneo ya kichifu ya Djugu, mengi yakibeba jina la kabila, la Walendu au la Wahema: Walendu Pitsi, Walendu Djatsi, Walendu Tatsi, Bahema Nord, Bahema Badjere. Anayeandika sekta ameandika kabila, au angalau amempa mwenye nia mbaya sababu ya kulikisia. Orodha hiyo ikianguka mikononi mwa watu wenye silaha, wa upande wowote, haihitaji maelezo zaidi. Mtaalamu aliyeitunga fomu akiwa Geneva au Nairobi anaona jina la mahali tu. Karani wa Bunia anaona hatari palepale, ila mkataba haumpi ruhusa ya kugusa hata safu moja.

Ruhusa hiyo inaweza kuandikwa. Mkataba kati ya ONG ya Bunia na mfadhili unaweza kusema kwamba timu ya mahali ina haki ya kukataa swali, kwamba eneo la asili litaandikwa kwa ngazi ya teritwari peke yake, na kwamba nakala yenye majina itafutwa siku fulani baada ya mradi kufungwa. Unaweza pia kutaja ni nani hasa, kwa cheo na ofisi, atakayepokea malalamiko ya mama akitaka jina lake litolewe. Mikataba mingi hueleza kwa kirefu hesabu za fedha na ripoti za kila robo mwaka, na data hupewa aya moja. ONG ndogo husaini kwa kuhofia kupoteza mradi, na wafadhili wanaijua hofu hiyo. Ni wao wanaopaswa kuwa wa kwanza kulifungua jambo hili mezani.

Kuna orodha kubwa zaidi inayosubiri. MONUSCO, ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, iliondoka Kivu Kusini mwaka 2024, na siku moja itaondoka Ituri pia. Ripoti zake za haki za binadamu, shuhuda na picha za zaidi ya miaka 20, tangu enzi za MONUC iliyoitangulia, ni mali ya Umoja wa Mataifa na zitasafiri kwa kanuni za Umoja huo. Vyuo vikuu vya Bunia, vyama vya waathirika na mawakili wa mji vinaweza kuomba sasa, wakati ofisi zingali wazi, makubaliano ya maandishi: nini kitabaki kwa nakala, nini kitafungwa kwa miaka mingapi ili mashahidi walindwe, na nani wa Ituri ataulizwa kabla ya kufunguliwa.